Filamu Niliyoisifu kwa Uongo



Dominika iliyopita nilihubiri vibaya. Juma zima lilikuwa la misiba na vikao vya ujenzi, sikukaa na Injili hata saa moja, na nilipopanda mimbarini nikaanza kuokoteza maneno niliyokwisha kuyasema miaka mingine. Baada ya Misa nikasimama mlangoni kama kawaida. Waamini wakapita wakinipa mkono. "Padre, mahubiri mazuri." "Asante Padre, leo umetugusa." Mama mmoja wa WAWATA, ambaye nilimwona kwa macho yangu akisinzia, akaniambia kwamba nimemlisha. Nikaitikia asante, asante, na moyoni nikajua mambo mawili kwa pamoja: watu hawa wananipenda, na watu hawa wananidanganya.

Sikuwakasirikia. Ningewezaje, wakati mimi mwenyewe niliwahi kufanya kama wao, tena mbele ya ukumbi mzima wa parokia? Nilifanya hivyo kwa sababu ya filamu. Leo naomba nikusimulie, kwa kuwa naamini jambo hili linawahusu hata wale ambao hawajawahi kukaa saa mbili mbele ya sinema.

Nianzie mbali kidogo. Miaka ya tisini nilikuwa frateri katika seminari kuu. Tulikuwa na televisheni moja na deki moja, na jioni ya Jumamosi moja moja mlezi wetu alituruhusu kutazama filamu, umeme ukiwepo. Jumamosi moja alileta kanda iitwayo The Mission. Iliongozwa na Mwingereza Roland Joffé, na mwaka 1986 ilishinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Baadaye, mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100, Vatikani ilitoa orodha ya filamu 45 zenye thamani ya pekee, nayo ikawamo. Jioni ile hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba ni filamu ya Wajesuiti, na kwamba chakula cha usiku kimeahirishwa.

Filamu ile inasimulia habari za karne ya 18 huko Amerika ya Kusini, karibu na maporomoko ya Iguazu. Wajesuiti wamejenga vijiji vya misheni pamoja na Waguarani, wenyeji wa nchi ile. Kisha wafalme wa Hispania na Ureno wanagawana mipaka kwa mkataba wa mwaka 1750, na vijiji vile vinaangukia upande wa Wareno, ambako biashara ya watumwa inaruhusiwa. Mapadre wanaamriwa kuondoka. Hawaondoki, na mwisho wake ni damu.

Lakini kilichonishika mimi kilitokea kabla ya hapo. Yumo mtu anayeitwa Rodrigo Mendoza, mfanyabiashara wa watumwa, anayeigizwa na Robert De Niro. Mendoza anamuua mdogo wake wa damu kwa wivu wa mwanamke. Baada ya hapo anajifungia, hataki kula, hataki kuishi. Padre Gabriel, anayeigizwa na Jeremy Irons, anampa nafasi ya kufanya kitubio. Mendoza anajifunga kamba yenye furushi zito la silaha zake, mapanga na mavazi ya chuma, na analiburuta porini na juu ya majabali ya maporomoko, kwenda kwa watu wale wale aliokuwa akiwawinda. Njiani padre mmoja anamwonea huruma, anaikata kamba. Mendoza anashuka kulifuata furushi, anajifunga tena. Anapofika juu, amechafuka matope mwili mzima, Mguarani mmoja anamjia na kisu na kumwekea shingoni. Sisi mafrateri tukaacha kupumua. Kisha yule mtu anahamisha kisu, anaikata kamba, na furushi linaporomoka mtoni. Mendoza analia kama mtoto, na wenyeji wanacheka, na yeye anaanza kucheka huku analia.

Hakuna anayetamka neno "msamaha" pale. Hakuna anayeeleza chochote.

Mpendwa msomaji, wakati ule nilikuwa nimemaliza miaka miwili bila kusemezana na kaka yangu. Ugomvi wetu ulikuwa wa shamba la marehemu baba. Nilikuwa nasoma teolojia, napokea Komunyo kila siku, na likizo nilipokwenda nyumbani nilipita njia ya nyuma ili nisikutane naye. Usiku ule sikulala. Niliona wazi ni nani aliyekuwa ameshika kisu na kamba ilikuwa ya nani. Jumatatu nikamwandikia barua. Akajibu baada ya miezi mitatu, mistari minne tu, lakini akajibu. Kaka yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Niliadhimisha Misa ya mazishi yake mwenyewe, na nilipoinyunyizia sanduku maji ya baraka hatukuwa na deni kati yetu.

Sasa unaelewa kwa nini jina la Roland Joffé lilikuwa kwangu kama jina la ndugu. Nilipopata upadre na senti kidogo za nauli, nikawa natafuta kila alichokifanya. Nikaipata filamu yake ya kwanza ya sinema, The Killing Fields ya mwaka 1984, juu ya mwandishi wa habari wa Marekani na mwenzake wa Kambodia aliyeachwa nyuma wakati Khmer Rouge walipoitwaa nchi. Aliyeigiza kama yule Mkambodia, Haing Ngor, alikuwa daktari aliyenusurika mateso yale yale katika maisha yake mwenyewe, naye alipewa tuzo ya Oscar. Huko nako niliona jambo lile lile: mtu aliyemkosea rafiki yake, na rafiki anayemfungulia mikono. Nikajisemea kwamba huyu bwana anajua kitu ambacho sisi wa mimbarini tunakitafuta.

Mwaka 2011 nikasikia kwamba Joffé ametoa filamu mpya, There Be Dragons. Jina lake linatokana na ule msemo wa ramani za kale, kwamba nchi isiyojulikana ina majoka. Na habari yenyewe ni ya mtakatifu wetu! Ni Mtakatifu Josemaría Escrivá, padre wa Hispania aliyeanzisha Opus Dei mwaka 1928, na ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 6 Oktoba 2002. Wasomaji wangu wa Nairobi wanamfahamu, maana Strathmore ilianzishwa mwaka 1961 kwa msukumo wake. Filamu inamweka katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, wakati mapadre kwa maelfu waliuawa. Padre, vita, ndugu kwa ndugu, msamaha, na Joffé. Ningetaka nini zaidi?

Padre mwenzangu aliyekuwa masomoni Ulaya akaniletea diski. Na hapa ndipo kosa langu la kwanza. Kabla ya kuitazama, nikaitangaza. Nikasimama baada ya Komunyo, wakati wa matangazo, nikawaambia waamini kwamba Jumamosi jioni ukumbini kutakuwa na filamu kubwa, ya mwongozaji mkubwa, juu ya mtakatifu mkubwa. VIWAWA wakaazima projekta, akina mama wakatoa shuka jeupe la kutundika ukutani, na watoto wakaja na karanga zao.

Kwa kuwa filamu ni ya Kiingereza, nilikuwa naisimamisha kila baada ya muda na kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Nusu saa ya kwanza nilieleza kwa furaha. Baadaye nikaanza kuchanganyikiwa mimi mwenyewe. Yupo mwandishi wa habari anayetafuta habari za mtakatifu. Yupo baba yake, Manolo, mzee anayekufa, ambaye alikuwa rafiki wa Josemaría utotoni. Yupo dada wa Kihungari aliyekuja kupigana Hispania, na wanaume wanaompenda. Mtakatifu mwenyewe anasukumwa pembeni, anarudi, anasukumwa tena. Kila mmoja ana jambo la kusema juu ya kusamehe, na analisema. Muziki unakuja mapema kutuarifu kwamba sasa tulie. Nilikuwa nasubiri ile kamba na kile kisu. Nikapewa maelezo.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kijana anayemwigiza Josemaría, Charlie Cox, ana uso wa mtu anayesali kweli. Na historia yenyewe ina mambo ya kutetemesha: mwaka 1936 padre yule alijificha katika kliniki ya wagonjwa wa akili ili asikamatwe, na mwaka 1937 alivuka milima ya Pyrenees kwa miguu hadi Andorra. Nilijua kwamba hapo kuna filamu. Sikuiona kwenye shuka letu.

Na ndipo nikatenda kosa la pili. Nikajikuta, katika kutafsiri, naongeza. Mhusika akisema sentensi moja baridi, mimi nawapa watu sentensi tatu za moto. Mahali ambapo filamu haikugusa, mimi nagusa. Nilikuwa nahubiri juu ya filamu ili watu wasiione. Ilipokwisha nikasimama mbele na kusema, "Mnaona wapendwa, filamu nzuri namna hii." Wakapiga makofi, kwa kuwa ni Padre aliyesema.

Tulipokuwa tunakunja shuka, binti mmoja wa kwaya ya vijana, aliyekuwa kidato cha tano, akaniuliza taratibu, "Padre, kwani wewe mwenyewe umeipenda?"

Nikamjibu, "Filamu ya mtakatifu haiwezi kuwa mbaya, binti yangu."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, Padre." Akaendelea kukunja.

Mpendwa msomaji, nimesikia maneno mengi makali katika utume wangu, lakini ile "haya, Padre" ilinifuata hadi chumbani. Yule binti alikuwa ameuliza swali la kweli, na mimi nilikuwa nimemfundisha, bila kukusudia, kwamba katika mambo ya dini mtu hasemi anachokiona.

Kwa nini nilidanganya? Nimelitafakari kwa miaka, na naona sababu tatu. Zipime kama hazikai hata nyumbani kwako.

Ya kwanza ni shukrani iliyopotea njia. Joffé alinipa zawadi nisiyoweza kuilipa: alinirudishia kaka yangu. Nikafikiri kwamba kumshukuru ni kumsifia kila kitu. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyowafanyia wazazi, walimu na mapadre waliotulea. Tunaona wamekosea, lakini tunajiambia kwamba kusema ni kukosa fadhila. Wahenga waliliona hilo kabla yetu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Anayelitia maji ni mgema, ndiyo, lakini sifa zetu ndizo zilizochota ndoo.

Ya pili ni kiburi. Nilikwisha kutangaza. Kusema kwamba filamu imenisikitisha ilikuwa kusema kwamba Paroko amepotosha watu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi ndiye niliyekuwa naitembeza.

Ya tatu ndiyo inayonitisha zaidi, kwa maana inavaa kanzu. Nilidhani nalinda imani. Niliona kwamba nikiikosoa filamu ya mtakatifu, watu watadhani namkosoa mtakatifu. Kana kwamba Mungu anahitaji uongo wangu ili aheshimiwe.

Suala hili si geni katika Kanisa. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, Mtume Paulo anasimulia jinsi alivyompinga Petro ana kwa ana kule Antiokia, kwa sababu Petro alikuwa ameacha kula pamoja na watu wa mataifa alipowaogopa wenzake. Petro, mkuu wa mitume! Karne kadhaa baadaye, Mtakatifu Yeronimo, akiwa Bethlehemu, aliona aibu juu ya habari hiyo. Akaandika kwamba mitume wale wawili hawakugombana kweli. Walipanga kuigiza tu, kwa faida ya wasikilizaji. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo, nchi ambayo leo ni Algeria, akamwandikia kumpinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: tukikubali kwamba Maandiko yana uongo hata mmoja wa nia njema, tutaliamini neno gani lingine? Afadhali Petro awe alikosea kweli, na akakubali kuonywa kweli.

Barua zile zilichelewa miaka, moja ikasambaa kwa watu huko Italia kabla ya kumfikia mwenyewe, na Yeronimo alikasirika sana. Lakini hawakuacha kuandikiana, na leo wote wawili tunawaomba watuombee. Watakatifu walisikitishana, wakaambiana, wakaendelea kuheshimiana. Sisi tunadhani utakatifu ni kutoambiana.

Sasa kuna upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nimedanganya tena.

Siku tatu baada ya filamu ile alikuja ofisini kwangu mzee mmoja, mkulima, mtu asiye na maneno mengi. Hakuja kuungama, alikuja kunisimulia, na aliniruhusu nisimulie bila kumtaja. Alisema kwamba hakufuata sana mambo ya vita wala ya yule dada wa Kihungari. Aliona kitu kimoja tu: mzee anayekufa, ambaye mtoto wake hataki kuja. Usiku ule ule alipofika nyumbani aliomba simu ya jirani akampigia mwanawe wa kwanza, waliyekosana miaka saba. "Padre," akaniambia, "ile filamu ni nzuri sana."

Nifanye nini na neno hilo? Nimwambie kwamba amekosea, kwamba mwongozaji ametawanya hadithi yake? Nilinyamaza, na safari hii naamini nilinyamaza kwa haki.

Nikaikumbuka habari ya Musa na mwamba. Mara ya kwanza, katika Kitabu cha Kutoka sura ya 17, Mungu alimwagiza Musa aupige mwamba kwa fimbo, akaupiga, maji yakatoka. Miaka ikapita. Katika Kitabu cha Hesabu sura ya 20, watu wana kiu tena, na safari hii Mungu anamwagiza auambie mwamba. Musa, kwa hasira na mazoea, akaupiga kama zamani, tena mara mbili. Alirudia kazi ya jana mahali palipohitaji neno la leo. Na bado maji yalitoka, mengi, watu wakanywa na mifugo yao.

Angalia hapo, msomaji wangu. Mungu hakuwanyima watu maji kwa sababu Musa alikosea. Wala hakumwambia Musa kwamba amefanya vizuri kwa sababu maji yalitoka. Alimwambia ukweli, na ukweli ule ulimgharimu Musa nchi ya ahadi. Mambo mawili yalisimama pamoja: watu walikunywa, na mtumishi alikuwa amekosea. Yule mzee alikunywa. Filamu ilibaki kuwa dhaifu. Tena na mahubiri yangu ya Dominika iliyopita huenda yalimnywesha mtu fulani. Hilo ni la Mungu. Kutojiandaa kwangu ni kwangu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikawaita VIWAWA. Nikawaambia, "Vijana wangu, wiki iliyopita niliwadanganya. Ile filamu ilinisikitisha, na sehemu nyingine za tafsiri nilizitunga." Kwanza wakacheka. Kisha pakawa kimya, na nikaona kwamba wananisikiliza kuliko siku zote. Nikawaeleza kuhusu The Mission, na kuhusu kaka yangu. Wakasema, "Basi Padre, tuonyeshe hiyo."

Nikawaonyesha. Nikakaa nyuma nikingoja walie.

Hawakulia. Vijana wawili walisinzia. Mmoja akasema inakwenda polepole. Na yule binti wa kwaya, safari hii kwa sauti, akasema, "Padre, ni nzuri, ile ya furushi imenishika. Lakini mbona wenyeji hawasemi lao? Mapadre wanasema, wakubwa wa Hispania wanasema, yule kardinali anasema. Wale wenye nchi wanaimba tu na kufa. Hatujui hata mmoja anawaza nini."

Nilibaki mdomo wazi. Nilikuwa nimeipenda filamu ile kwa karibu miaka ishirini, mimi Mwafrika, mtoto wa nchi ya misheni, na sikuwahi kuliona hilo. Mguarani aliyeikata kamba, yule ambaye mkono wake uliniponya, sikujua hata jina lake. Aliyeniambia ni binti wa kidato cha tano, na aliniambia kwa sababu wiki moja kabla nilikuwa nimekiri kwamba katika ukumbi ule inaruhusiwa kusema unachokiona.

Hakuharibu upendo wangu kwa filamu ile. Aliusafisha. Tangu siku ile naipenda kama mtu anavyompenda mzazi wake akishakuwa mtu mzima, akijua anapochechemea.

Mpendwa msomaji, huenda wewe hujawahi kumsikia Joffé, lakini unaye mtu wako. Ni mwimbaji aliyekuinua ukiwa na majonzi, na albamu yake mpya ni tupu. Ni mwalimu wako wa dini, aliyekufundisha Baba Yetu, na sasa anasema mambo yasiyo na upendo. Ni padre aliyewafungisha ndoa, na siku hizi anahubiri fedha kuliko Injili. Ni mume au mke, ambaye chakula chake au neno lake la leo si lile la mwaka wa kwanza. Umesikitika. Unafanyaje?

Wengine hugeuka na kufuta yote: "Kumbe hata zamani alikuwa bure." Huo ni uongo, kwa maana zamani ulikunywa na kiu yako ilikwisha. Wengine husifu kama nilivyosifu mimi, na huo nao ni uongo. Njia ya Kikristo ni nyembamba, inapita katikati. Mshukuru kwa lile alilokupa, kwa jina lake na tarehe yake. Mwambie lililokusikitisha, nalo kwa jina lake, ana kwa ana, kama Paulo alivyomwendea Petro, bila kulipeleka kwanza kijiweni. Na kabla hujamwambia, jiulize kama kweli amekosea, au wewe ulikuwa unamdai akurudishie ujana wako. Maana sehemu ya masikitiko yangu, lazima niungame, haikuwa ya Joffé. Nilikwenda pale nikitaka kuwa tena frateri wa miaka ishirini na kitu, usiku ule, na barua bado haijaandikwa, na kaka bado yu hai. Hakuna mwongozaji anayeweza kumpa mtu hilo. Mana ya jana, Waisraeli waliyoiweka akiba hadi asubuhi, iliingia mabuu. Kila siku ina ya kwake.

Na wewe unayesikitikiwa, uwe mzazi, kiongozi wa jumuiya, mwalimu wa kwaya au paroko, tengeneza mlango ambao ukweli unaweza kuupitia bila kuinama. Dominika hii nimejaribu. Nimewaambia waamini wangu katika matangazo kwamba wiki iliyopita sikujiandaa, na nikawaomba radhi. Mlangoni yule mama wa WAWATA akanishika mkono, akacheka, akasema, "Padre, ndiyo maana nililala." Tukacheka wote wawili. Hayo ndiyo mahubiri niliyohubiriwa mwaka huu.

Roland Joffé aliendelea na kazi yake. Mwaka 2017 alitoa filamu nyingine, The Forgiven, juu ya Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini na kazi ya Tume ya Ukweli na Maridhiano. Bado anautafuta msamaha, mzee wa watu, na mimi bado namwombea. Diski yake ninayo mezani. Nitaitazama jioni ya leo, peke yangu, bila kudai chochote.

Na safari hii sitaitangaza altareni kabla sijaiona.

Nakutakia Dominika njema. Bwana awe nawe.